Mkeka, kiapo na neno "kushauriana": siasa inapopenya katika kuwapata majaji

Mkeka, ile orodha ya wateule wa Rais, ukitoka usiku, asubuhi yake Arusha nzima ina maoni. Kwenye vifodi vya Sakina, kwenye vijiwe vya kahawa Kaloleni, hata kwenye mabenchi ya nje ya mahakama, watu wanapeana simu wakisoma majina: mkuu wa wilaya mpya, mkurugenzi wa halmashauri, katibu tawala na, safari nyingine, majaji wa Mahakama Kuu. Nembo ni ile ile, aliyeteua ni yule yule, kwa hiyo msomaji huwatia wote kapu moja. "Hawa wote ni watu wa Rais." Halafu linafuata swali ambalo kila mwanasheria wa mji huu ameshaulizwa: jaji aliyeteuliwa na Rais atawezaje kuamua kesi dhidi ya Serikali ya Rais huyo huyo?

Swali hilo lina fundo. Linachanganya mkono unaompa mtu kazi na mkono unaoweza kumnyang'anya. Kwa mkuu wa wilaya, mikono yote miwili ni ya mtu mmoja. Anateuliwa leo, mkeka wa mwezi ujao ukiandika kwamba uteuzi wake umetenguliwa, anafungasha virago. Jaji hatumbuliwi hivyo. Ibara ya 110A ya Katiba ya mwaka 1977 inasema Jaji wa Mahakama Kuu ataondolewa tu kwa kushindwa kufanya kazi, iwe ni kwa maradhi au sababu nyingine, au kwa tabia mbaya. Na hata hapo kalamu ya Rais haitoshi. Lazima aunde tume ya watu wasiopungua watatu, ambayo mwenyekiti wake na angalau nusu ya wajumbe wengine wawe majaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola. Tume ikishauri aondolewe, anaondolewa. Ikishauri abaki, anabaki. Mshahara wake nao unalipwa kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina.

Mlango wa kutokea, basi, una komeo. Tuuangalie mlango wa kuingilia.

Ibara ya 109 inasema Jaji Kiongozi, yaani mkuu wa Mahakama Kuu, na majaji wengine wa Mahakama Kuu watateuliwa na Rais "baada ya kushauriana" na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Anayeteuliwa awe na shahada ya sheria na awe amekaa miaka isiyopungua kumi katika uhakimu, uwakili, au utumishi wa umma akiwa na sifa za kuwa wakili. Hata hiyo miaka kumi inaweza kulegezwa, Rais akiridhika kwamba mtu fulani ana uwezo, na akishauriana tena na Tume. Kwa majaji wa Mahakama ya Rufani, Rais anashauriana na Jaji Mkuu. Kwa Jaji Mkuu mwenyewe, Katiba haimtaji mtu yeyote wa kushauriwa.

Sasa tulipime hilo neno. Mzee wa Kibosho au Machame akikwambia ameshauriana na wanawe kuhusu kihamba, shamba la ukoo, unaelewa kwamba aliwaita, akawasikiliza, pengine kwa saa nzima, mbege ikizunguka. Unaelewa pia kwamba mwisho wa siku kihamba kitaenda kwa aliyemtaka mzee. Kushauriana si kupiga kura. Katiba yetu inalijua hilo na imeliandika waziwazi katika Ibara ya 37: Rais yuko huru na halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale tu Katiba au sheria inapomtaka atende kulingana na ushauri huo. Kati ya "baada ya kushauriana na" na "kulingana na ushauri wa" kuna shimo ambalo magari mawili yanaweza kupishana ndani yake. Kuhusu majaji, waandishi wa Katiba yetu waliandika la kwanza.

Je, anayeshauriwa ni nani? Tume ya Utumishi wa Mahakama ina wajumbe sita: Jaji Mkuu ambaye ni mwenyekiti, Jaji mmoja wa Mahakama ya Rufani, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Kiongozi, na wajumbe wengine wawili. Jaji Mkuu anateuliwa na Rais. Jaji wa Rufani anayeingia kwenye Tume anateuliwa na Rais kwa kushauriana na Jaji Mkuu. Mwanasheria Mkuu na Jaji Kiongozi ni wateule wa Rais, na wale wawili wa mwisho pia. Mbunge amekatazwa kuwa mjumbe, na hilo ni jambo jema, lakini hakuna mjumbe hata mmoja aliyeletwa na kura ya majaji wenzake, ya mahakimu, au ya mawakili. Chama cha mawakili, Tanganyika Law Society, kimefanya mikutano yake mikuu hapa Arusha mara nyingi na kuchagua viongozi kwa kura ambazo nchi nzima hufuatilia. Kwenye meza hiyo ya watu sita hakina kiti.

Sisemi kwamba sita hao wanaitikia tu. Wengi wao ni watu waliokaa kortini miaka thelathini na wanajua nani anaandika hukumu yenye kichwa na miguu, nani anaburuza mafaili. Ninachosema ni kwamba muundo wenyewe unategemea uadilifu wao, hauuzalishi. Tena Katiba hailazimishi majina yanayopelekwa Ikulu yatangazwe, wala wanaopendekezwa wasailiwe hadharani. Sisi huku nje tunaona tu mtu ameshika Katiba au kitabu cha dini na kula kiapo.

Nifungue mabano kidogo kuhusu mahakimu, kwa sababu watu wengi wa Arusha na Moshi hawatakanyaga mbele ya jaji maisha yao yote. Kesi ya ng'ombe, ya matunzo ya mtoto, ya deni la duka, inaishia kwa hakimu. Hakimu hatoki kwenye mkeka, anaajiriwa na Tume. Ukidhani basi huyo ndiye aliye mbali zaidi na siasa, soma Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya mwaka 2011, iliyoweka kamati za maadili za maafisa wa mahakama katika mikoa na wilaya. Ya mkoa inaongozwa na Mkuu wa Mkoa, ya wilaya na Mkuu wa Wilaya, wale wale wa kwenye mkeka. Malalamiko dhidi ya hakimu aliyempa dhamana mtu ambaye wakubwa wa wilaya walitaka alale ndani yanaweza kutua mezani kwa mkubwa wa wilaya. Kamati haimfukuzi hakimu, uamuzi ni wa Tume, lakini hakimu kijana wa kituo cha kwanza anajua nani amekaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko nusu ya mijadala ya Ikulu na majaji, na halizungumzwi.

Turudi kwa jaji aliyekwisha kuapishwa. Hafukuziki ovyo. Siasa inampata wapi? Wengi hudhani ni katika shukrani: amepewa cheo, atalipa fadhila. Nadhani shukrani huisha haraka, hasa mtu akishajua hawezi kunyang'anywa alichopewa. Kinachodumu ni kile anachokitarajia bado, na Katiba yetu imembakizia jaji vitu kadhaa vya kutarajia kutoka kwa yule yule aliyemteua.

Kuna kupanda kwenda Mahakama ya Rufani. Kuna kuteuliwa kwenye nafasi za nje ya mahakama, kama uenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, ambao kwa miaka mingi umeshikwa na majaji na majaji wastaafu. Na kuna umri. Jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 60, wa Rufani 65, lakini Rais akiona kuna maslahi ya umma anaweza kuagiza aendelee. Fikiria jaji wa miaka 59 na miezi minane ambaye mezani kwake kuna kesi ya katiba dhidi ya Serikali. Huenda hata halifikirii suala la muda wake. Lakini mdai aliyekaa kwenye benchi analifikiria, na haki haitoshi kutendeka, yapasa pia ionekane ikitendeka.

Umri huo huo ndio uliozua mabishano makubwa ya miaka ya karibuni. Jaji Mkuu Mohamed Chande Othman alipostaafu Januari 2017, Rais John Magufuli hakuteua Jaji Mkuu papo hapo. Alimteua Profesa Ibrahim Juma kuwa Kaimu, naye akakaimu hadi Septemba alipopewa nafasi kamili. Kukaimu kumo kwenye Katiba. Swali lilikuwa urefu wake: mkuu wa mhimili mzima alikaa karibu miezi minane bila kujua kama kiti ni chake. Mwaka 2023 akatimiza 65, Rais Samia Suluhu Hassan akamwongezea muda, na wanasheria wakagawanyika kama Katiba inaruhusu kumwongezea muda Jaji Mkuu kama inavyoruhusu kwa majaji wengine wa Rufani. Alikaa hadi 2025, akapokewa na George Masaju, ambaye kati ya 2015 na 2018 alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hilo nalo lilisemwa vijiweni, ingawa si jipya Tanzania: Joseph Warioba aliwahi kuwa Mwanasheria Mkuu na Waziri Mkuu, na baadaye akawa jaji wa Mahakama ya Afrika Mashariki hapa Arusha. Mtu aliyetetea Serikali anaijua Serikali kwa ndani. Kama kuijua huko kutamfanya mkali au mpole kwake, hukumu ndizo zitakazosema.

Hukumu zenyewe zimesema nini? Hapa mwenye kusema "wote ni wa Rais" anapata tabu kidogo. Arusha tunayo ya kwetu. Aprili 2012 Mahakama Kuu hapa mjini ilitengua ushindi wa Godbless Lema wa chama cha upinzani, Chadema, aliyekuwa ameshinda ubunge wa Arusha Mjini mwaka 2010. Mji ulichemka, na kijiweni walishasema: si tuliwaambia? Desemba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani, yenye majaji walioteuliwa kwa utaratibu ule ule, ikamrudishia ubunge, ikisema wapiga kura waliofungua shauri hawakuwa na haki kisheria ya kulifungua. Wale wale wa kijiweni wakashangilia sheria. Nikumbushe pia kwamba mwenye kushangilia hukumu kwa sababu tu imempendeza hajawa mtetezi wa uhuru wa mahakama.

Mfano mwingine ni mrefu zaidi, nao unaishia tena Arusha. Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alitaka mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama, aruhusiwe. Jaji Kahwa Lugakingira, mteule wa Rais, akiamua shauri lililofunguliwa Dodoma mwaka 1993, alikubaliana naye. Kabla wino haujakauka, Bunge likabadilisha Katiba kuufuta ushindi huo. Mtikila akarudi, na mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu, wakiongozwa na Jaji Kiongozi, wakampa haki tena. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2010 majaji saba wa Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakasema hilo ni suala la kisiasa, lirudi bungeni. Mtikila akapeleka shauri Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapa Arusha, na mwaka 2013 akashinda. Ramadhani wakati huo alikuwa jaji wa mahakama hiyo hiyo, lakini hakuketi, kwa kuwa itifaki ya mahakama hiyo inamkataza jaji kusikiliza kesi ya nchi yake. Mahakama Kuu ilisema ndiyo mara mbili. Siasa haikuhitaji kumgusa Lugakingira wala wenzake. Ilikwenda kuibadilisha sheria waliyosimamia.

Ramadhani huyo, Mungu amrehemu, anatupa kisa kingine. Mwaka 2015 akiwa Rais wa Mahakama ya Afrika alichukua fomu kuomba chama tawala, CCM, imteue kugombea urais wa Jamhuri. Ibara ya 113A inamkataza jaji aliye kazini nchini kujiunga na chama cha siasa, lakini yeye kwenye mahakama za nyumbani alikuwa ameshastaafu. Hakuteuliwa. Sijapata kusikia mtu akisema hukumu zake ziliandikwa kwa jicho la kura. Lakini wengi waliokuwa wakizisoma kama maneno ya jaji walizisoma upya mwaka huo, na kusoma upya huko ndiyo gharama.

Sisi wa Arusha tuna bahati ya kuwa na maabara mlangoni. Mahakama ya Afrika inapata majaji wake 11 kwa namna nyingine kabisa: nchi zinapendekeza majina, Umoja wa Afrika unapiga kura ya siri, na jaji anakaa miaka sita inayoweza kurudiwa mara moja tu. Hakuna rais mmoja anayeweza kusema "huyu ni wangu". Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyo ndani ya makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina njia ya kati: nchi inapendekeza, Mkutano wa Wakuu wa Nchi unateua, na jaji anakaa kipindi kimoja kisichozidi miaka saba. Kipindi kimoja. Hakuna cha kuongezewa, hivyo hakuna cha kutarajia.

Je, hiyo iliwaponya na siasa? Novemba 27, 2006, Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia wabunge tisa wa Kenya kuapishwa katika Bunge la Afrika Mashariki, baada ya Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake kulalamika kwamba hawakuchaguliwa kwa mujibu wa Mkataba wa Jumuiya. Desemba 14, siku 17 baadaye, marais walikuwa wameshasaini marekebisho ya Mkataba. Mahakama ikagawanywa kuwa ya awali na ya rufaa, na ikaongezwa kanuni kwamba jaji anayesimamishwa au kuondolewa kazini nyumbani kwao naye aguswe Arusha. Majaji wawili kutoka Kenya walikuwa wamesimamishwa kwao tangu 2003, wakati wa lile fagio kubwa lililowasimamisha majaji wengi wa Kenya kwa tuhuma za rushwa. Kila mtu alijua kanuni ilikatwa kwa vipimo vya nani. Kwa sifa yake, mahakama haikutikisika: Machi 2007 ikaamua kwamba uchaguzi ule ulikiuka Mkataba, na mwaka 2008, katika shauri lililoletwa na chama cha wanasheria wa Afrika Mashariki, ikasema marekebisho yenyewe yalipitishwa bila kuwashirikisha wananchi, kinyume cha Mkataba, ingawa haikuyafuta.

Mahakama ya Afrika nayo ilijibiwa kwa njia yake. Novemba 2019 Tanzania, nchi mwenyeji, iliondoa tamko lililoruhusu mwananchi mmoja mmoja na asasi kuishtaki nchi moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo. Mwaka mmoja baadaye uondoaji ukaanza kufanya kazi. Majaji hawakuguswa hata ukucha, waliachwa na ukumbi wao, ila mlango wa Mtanzania wa kuingilia ukafungwa.

Vuka Namanga sasa. Katiba ya Kenya ya 2010 iliandika kile ambacho yetu haikuandika: Rais anateua majaji kulingana na mapendekezo ya tume yao, na Jaji Mkuu anapitishwa pia na Bunge. Tume ina majaji, hakimu na mawakili waliochaguliwa na wenzao, na usaili unaoneshwa kwenye televisheni, mpaka mtu wa Longido mwenye king'amuzi anaweza kumwona mgombea wa ujaji mkuu akitokwa jasho. Wengi wetu hudhani hapo ndipo ulipo mwisho wa tatizo. Lakini mwaka 2019 tume ilipeleka majina 41 kwa Rais Uhuru Kenyatta, naye akayakalia. Mahakama ikamwamuru ateue. Juni 2021 akateua 34 na kuwaacha sita, yule wa 41 akiwa ameshafariki. Kati ya walioachwa kulikuwa na majaji wenye hukumu zilizoiumiza Serikali yake, wakiwemo George Odunga na Joel Ngugi. Waliapishwa Septemba 2022, William Ruto alipoingia Ikulu. Orodha ilikuwa ya tume, lakini wino ulikuwa wa mtu mmoja, na wino ukigoma hakuna fundi wa kuulazimisha.

Hata hivyo angalia tofauti. Wakenya walijua majina ni 41, walijua yako mezani kwa nani, walijua sita ni akina nani na walihesabu miezi. Siasa iliingia, lakini iliingia mchana. Marekani ni hivyo hivyo kwa ukali zaidi: mwaka 2016 Seneti ilikataa hata kumsikiliza Merrick Garland aliyependekezwa na Rais Barack Obama kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, na mwaka 2020 ikampitisha Amy Coney Barrett siku nane kabla ya uchaguzi. Kule jaji hukaa maisha, hana cha kutarajia kwa mtu, na bado vyama vinapigania kiti chake kama mpira wa kona. Mimi sitamani ya Marekani. Ningeridhika na mambo mawili ya karibu: muda wa jaji usiongezwe na yeyote, na orodha inayopelekwa Ikulu isomwe na wananchi kabla ya mkeka, si baada.

Kila mwaka kuelekea Siku ya Sheria, mwanzoni mwa Februari, mahakama hutoka nje kutoa elimu. Mabanda husimamishwa, mahakimu na mawakili hukaa kwenye viti vya plastiki na kujibu watu bure. Maswali ni ya mirathi, mipaka ya shamba, talaka, dhamana, na foleni haipungui. Mwakani nitapanga mstari na mimi. Nina swali moja, la namba tu: kwa majaji walioapishwa mara ya mwisho, Tume ilipeleka majina mangapi?